Zamu ya Mwekundu

Mwekundu halali.
Nikimaliza zamu yangu huku Tudor, saa sita kasoro usiku,
feni ikikwaruza kama kuku jalalani,
yeye huvuta pumzi ya sekunde mbili (najua si pumzi,
ni kiduara kinachozunguka kwenye kioo),
kisha husogeza vikosi viwili vya mikuki hadi kivukoni
na kunirudishia dunia: Zamu yako.

Nimemjua ngazi kwa ngazi.

Kwenye Rahisi ni mgeni aliyealikwa chakula,
anasubiri akaribishwe.
Huacha ghala la nafaka bila hata mlinzi mmoja,
hujenga mnara wa taa mahali pasipo na maji,
hutuma wapanda farasi mmoja mmoja, kama wateja
wanaokuja na noti ya elfu kununua kiberiti.
Nilimshinda siku ya kwanza huku nakaanga viazi.
Mafuta yalinirukia mkononi, hata sikuhisi.

Kwenye Wastani anahesabu.
Namheshimu. Huyu tungeweza kufanya biashara.

Lakini Ngumu!
Nilidhani Ngumu ni akili.
Nikanyoosha mgongo, nikazima redio, nikasema bismillahi,
nikamzingira kisiwani pande zote nne,
nikamkatia chuma, nikamkatia chumvi,
nikahesabu kwa vidole: hana kitu huyu, siku tatu tu.
Siku ya tatu akatoka na vikosi kumi na kimoja.
Kumi na kimoja! Kutoka kijiji chenye mbuzi wawili!

Shekue, fundi wa kompyuta pale Bondeni, alinicheka:
"Dada, hajaongezewa ubongo. Ubongo ni uleule wa Wastani.
Ameongezewa dhahabu. Na ule ukungu unaokuziba wewe
yeye haumzibi, anaona mpaka jikoni kwako."

Nikanyamaza.
Miaka kumi na mitano natoa mizigo ya watu Kilindini,
fomu kwapani, muhuri juu ya muhuri,
na kuna bwana mmoja, simtaji,
makontena yake hutoka meli haijafunga kamba.
Nami nilikuwa nikimsifu: yule ana akili ya biashara.

Ghalib wangu ana miaka minane.
Jumamosi alivuta kiti cha plastiki:
nataka kucheza na wewe, si na huyo.
Tukagawana kibodi. Yeye kijani,
mimi nikavaa nyekundu.

Hapo ndipo nilipoijua kazi ya Mwekundu.
Kushinda, mtu hushinda. Kushindwa ndiko kuna hesabu:
uache lango wazi, lakini si wazi sana;
upeleke jeshi kombo, kwa sababu inayoaminika;
ukosee sasa kosa ambalo mtoto ataliona,
baadaye kosa ambalo itabidi alitafute.
Mashine hukosea kwa kurusha dadu.
Mimi nilikosea nikimtazama usoni.

Zamu ya arobaini akauteka mji wangu mkuu.
Hakushangilia.
Akarudisha mshale nyuma juu ya ramani, polepole,
akaweka kidole chenye rangi ya mabuyu
kwenye kivuko nilichokiacha.
"Mama. Hapa uliniona."
"Sikukuona."
"Uliniona. Umenichezea Rahisi."

Nilikuwa na la kusema, refu,
lenye dhahabu ndani yake, na ukungu, na yule bwana.
Nikasema: kanawe mikono.

Sasa amelala, mguu mmoja nje ya neti.
Nimerudi kwa adui yangu asiyechoka,
kidole kinasita juu ya ngazi tatu.
Mara stima zikapotea mtaa mzima,
feni ikajisokota, ikatulia.
Betri asilimia tisa.
Chini kabisa ya orodha, chini ya vita vyangu vyote,
kuna mchezo uliohifadhiwa jana
kwa jina ambalo sikuliandika mimi,
herufi kubwa, bila nafasi:
MAMAUSINIACHIE.